Mama anauliza: nani akiri asilolifanya?

Shangazi, shikamoo.

Naishi Edinburgh, Uskoti, na mama yangu amekuja kunitembelea. Juzi nilimpeleka Castlehill, karibu na ngome, penye kisima kidogo cha ukutani kilichobuniwa 1894 kuwakumbuka wanawake waliochomwa moto hapo kwa kuitwa wachawi.

Nikamsimulia habari za Agnes Sampson, mjane, mkunga na mganga. Dhoruba zilipoisumbua safari ya Mfalme James VI na mkewe Anne kutoka Denmark, wakatafutwa wa kubebeshwa lawama. Kijakazi mmoja, Geillis Duncan, aliteswa na bwana wake hadi akataja majina, la Agnes likiwamo. Mfalme alimhoji mwenyewe katika kasri la Holyrood. Agnes akakana. Akanyolewa, akazungushiwa kamba kichwani ikasokotwa na kukazwa. Mwishowe akakiri hata kwamba yeye na wenzake walisafiri baharini ndani ya machekeche. Januari 1591 alinyongwa, mwili ukachomwa.

Nilidhani mama atasikitika. Aliposikia machekeche akanishika mkono: "Si unaona? Kwetu ungo, kwao chekeche. Na amekiri kwa kinywa chake. Nani akiri asilolifanya?"

Nilijua si Agnes anayemsema. Kijijini kwetu Handeni wanamsubiri mama arudi ili ukoo umkalishe kikao Mama Mkubwa, mke mwenza wake. Mjukuu wa baba mdogo amefariki, nao wanataka Mama Mkubwa akiri "yaishe". Wameshamwita usiku mara mbili, wakamkesha hadi alfajiri wakimuuliza lilelile. Ana miaka 74. Mama alipougua, yeye ndiye aliyeninyonyesha. Wiki iliyopita alimwambia kaka kwenye simu: "Labda nikubali tu, mwanangu, nipate kulala."

Shangazi, neno hilo linaninyima raha. Huku Uskoti, watu wapatao 3,800 walishtakiwa sheria ya uchawi ilipokuwapo, 1563 hadi 1736, wengi wao wanawake, na kuwanyima usingizi siku kadhaa ilikuwa njia ya kawaida ya kupata maungamo. Serikali imekuja kuomba radhi mwaka 2022.

Mama si mtu mbaya. Ana uchungu wa msiba, na anaamini. Anaondoka Jumapili. Nimwambie nini mzazi wangu, bila kumvunjia heshima, aelewe kuwa mtu aliyechoka husema lolote? Au nimpigie mwenyekiti wa kijiji na polisi kabla hajafika? Kaka ameshanionya: nikiingiza serikali, nisihesabu tena kuwa nina ukoo.

Binti wa wake wenza, Edinburgh