Kazi aliyoianza Bob Neill kwa wafungwa wa IPP isiachwe njiani

Mhariri, naomba nafasi kidogo nimzungumzie aliyekuwa mbunge wetu huku Bromley, kusini mwa London, Bob Neill. Kisiasa hatukuwahi kuelewana, yeye Konsavativu mimi Leba toka nimepata haki ya kupiga kura, ila kuna jambo alilipigania ambalo naona watu wanalisahau tangu aachie ubunge 2024.

Ni hii adhabu inaitwa IPP (Imprisonment for Public Protection, yani kifungo cha kulinda raia). Ilianza 2005, unahukumiwa unapangiwa muda wa chini wa kukaa ndani, tuseme miaka miwili, alafu miwili ikiisha hutoki mpaka uiridhishe bodi ya parole, ile inayoamua mfungwa aachiwe au la, kwamba sio hatari tena kwa watu, na ili uiridhishe unatakiwa usome kozi fulani fulani humo humo gerezani, asa kozi zenyewe foleni ndefu au jela uliyopo hawana kabisa, kwahiyo unakaa tu. Waliopewa ni watu 8,711. Bunge likaifuta 2012 ila waliokwisha kufungwa hawakuguswa, yani sheria imekufa na wao bado wanaitumikia!

Jirani yangu mmoja, mama mtu mzima, mwanae ni mmoja wao. Alifungwa 2007, muda wake wa chini miaka miwili na nusu. Mpaka leo Jumamosi za kwenda kumuona namuona anapita dirishani kwangu na kimfuko cha plastiki, sarafu za pauni zinaonekana humo ndani, za kumnunulia mwanae chai na chokoleti kwenye chumba cha wageni. Kijana aliingia hana hata ndevu vizuri, saivi ana mvi.

Neill alikuwa wakili wa kesi za jinai kabla ya siasa na toka 2015 mpaka 2024 ndo alikuwa mwenyekiti wa kamati ya bunge ya masuala ya sheria. 2022 kamati yake ikatoa ripoti ikasema wafungwa hawa wote wahukumiwe upya. Serikali ikakataa, tena serikali ya chama chake, na bado hakunyamaza, akapeleka marekebisho kwenye muswada kuibana. Hilo hakulipata, ila sheria ya 2024 ilipunguza muda wa kuishi na masharti baada ya kutoka, zamani ilikuwa mpaka miaka 10 ipite ndo waangalie kukuondolea, sasa 3. Hata David Blunkett aliyeileta hii adhabu akiwa waziri ameshasema anajuta.

Kinachoniuma ni kwamba Leba yangu imeingia madarakani nayo imekataa kuwahukumu upya, eti usalama wa raia, wakati 2025 bado walikuwepo zaidi ya 2,000 ndani na karibu 1,000 kati yao walikuwa hawajawahi kutoka hata siku moja. Lord Woodley, wa Baraza la Malodi, alipeleka muswada wa kuwahukumu upya 2024, basi wazo hilo liungwe mkono. Nimeshamwandikia mbunge wangu mpya, na ninyi Waswahili wenzangu mnaopiga kura huku waandikieni wa kwenu, mtaje IPP kwa jina.

Mkazi wa Bromley, London