Waite wote wawili, Zuhura

Mkunazini, Unguja

Shoga yangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Natumai nyote hamjambo hapo Wete, na mama anaendelea vyema na mguu wake. Sisi huku wazima, alhamdulillah.

Barua yako imenikosesha usingizi. Ndugu zako waliokula sahani moja tangu utotoni leo hawaamkiani, eti mkubwa CCM na mdogo ACT! Lililoniuma zaidi ni kwamba mkubwa hakwenda kwenye maziko ya mkwe wa mwenzake. Hilo ndilo tulilodhani tumeshalipa kisogo. Wewe unaikumbuka Pemba ya baada ya 1995, watu wakisusiana maduka, harusi, mpaka maiti. CCM ilitangazwa mshindi wa urais wa Zanzibar kwa asilimia 50.2, CUF, wapinzani wakubwa wa wakati ule, 49.8. Nusu ya nchi ikapata kila kitu, nusu ikatoka mikono mitupu, na chuki ikakua mpaka Januari 2001, watu wakauawa kwa risasi kwenye maandamano na wengine wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya.

Unauliza, ukiwaita kikao, watu hawa watakubaliana nini. Yapo, ila usiwaulize nani alishinda, wala Muungano uwe wa serikali ngapi. Hapo hawatakutana, na si lazima wakutane. Muulize kila mmoja peke yake: siku upande wako ukishindwa, ni jambo gani hutaki ufanyiwe?

Naamini hilo ndilo lililozaa maridhiano. Rais Amani Karume wa CCM na Maalim Seif wa CUF walipokutana Ikulu ya Zanzibar tarehe 5 Novemba 2009, hakuna aliyehama chama. Maalim alipokwenda kwenye mkutano wa Kibandamaiti, hapa Unguja, kuwaambia wafuasi wake kwamba sasa anamtambua Karume kuwa rais, walimpigia kelele, watu wake mwenyewe. Namheshimu kwa siku ile kuliko kwa hotuba zake zote. Walichokubaliana kilikuwa kidogo: mshindi asichukue vyote, na aliyeshindwa asifanywe mgeni katika nchi yake. Tukaulizwa kwa kura ya maoni tarehe 31 Julai 2010 kama tunataka serikali ya umoja wa kitaifa, asilimia 66.4 tukasema ndiyo. Oktoba ya mwaka uleule Dk. Shein wa CCM akamshinda Maalim kwa pengo dogo mno, na nchi ikatulia.

Najua utasema, na 2015 je? Uchaguzi ukafutwa, CUF wakasusia marudio ya Machi 2016, umoja ukabaki kwenye karatasi. Ni kweli, na iliniuma. Mimi naona tulikubaliana namna ya kugawana serikali, hatukukubaliana namna ya kuaminiana katika kuhesabu kura. Hata wavuvi wa chombo kimoja hawaishii kwenye mgao, hupatana pia nani atahesabu samaki.

Kwa hiyo ndugu zako wakishasema wasilotaka kufanyiwa, wabane. Mkubwa akisema hataki kuitwa msaliti, muulize kama yeye ameacha kuwaita wenzake hivyo. Mdogo akisema asiwepo wa kunyimwa kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi kwa sababu ya chama chake, mgeukie mkubwa mbele ya wote: unalikubali hilo hata kwa mtu ambaye kura yake itakuangusha? Akikubali, mmepata pa kuanzia. Akikataa, bora mjue leo kuliko siku ya uchaguzi. Maziko usiyaache yazungumzwe kwa kupita tu. Akifa mtu wa mtaani, wote wanakwenda, awe wa chama gani, na hili walitamke kwa vinywa vyao.

Kikao kisiwe kwenye maskani ya chama chochote. Fanyeni kwa mama, baada ya sala ya Ijumaa, na mama mwenyewe akae hapo hapo asikie. Wake zao pia waitwe. Wao ndio wanaokatazwa kusaidiana kupika kwenye shughuli, wana mengi ya kusema na hakuna aliyewauliza.

Nitaomba ruhusa kazini nipande boti nije. Niandikie siku mtakayopanga, na unieleze mkubwa amejibu nini ulipomwita. Mama mpe salamu zangu nyingi, mwambie dawa ya kuchua aliyoniagiza nimeipata, nitakuja nayo.

Wasalaam,
Shoga yako, Mwanaidi