Mwezi Kumi na Nne: Salamu za Pasaka 2026 kutoka Bagamoyo

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu. Na ninyi wa "Bwana asifiwe": asifiwe sana.

Nawaandikia mchana wa Jumamosi Kuu. Mchele umeshachambuliwa, na watoto wanagombania mishumaa ya mkesha kana kwamba haitafika usiku. Juzi Alhamisi, tulipotoka kwenye Misa ya kuosha miguu, nilimkuta jirani yangu barazani kwake. Ni mzee, mvuvi na Mwislamu. Mwezi ulikuwa mzima juu ya minazi. "Mwaka huu mmebahatika," akaniambia, "sikukuu yenu imeangukia bamvua," yale maji makubwa ya mwezi mpevu. Nikamwambia si bahati, Pasaka huja na mwezi huo kila mwaka. Akaniangalia kama ninayemuuzia samaki wa jana. Ikabidi nikae. Salamu hizi ni mazungumzo yale, nimeyapunguza kidogo.

Jina lenyewe tumelipokea kwa Wayahudi. Pesaki yao ndiyo Pasaka yetu, na Waingereza na Wajerumani ni miongoni mwa walioiita sikukuu hii kwa jina jingine. Miezi ya Wayahudi huandama kama ile ya Kiislamu, ila wao huongeza mwezi mzima kila baada ya miaka kadhaa ili sikukuu zisiyahame majira yake. Kitabu cha Kutoka, sura ya 12, kinaagiza mwanakondoo achinjwe jioni ya siku ya 14 ya mwezi wa kwanza, ndio Nisani. Siku ya 14 mwezi unakuwaje, mtu wa pwani haulizi. Huku kwetu mrembo husifiwa kuwa ni mwezi kumi na nne.

Kwa hiyo Yesu alikamatwa chini ya mwezi wa namna hiyo. Yohane anasema waliomfuata bustanini walibeba taa na mienge. Jirani akacheka: mienge ya nini na mbalamwezi yote hiyo? Nikamjibu huenda chini ya mizeituni palikuwa na giza.

Hata mkesha wetu wa leo umefuata hesabu hiyo. Kwa Wayahudi siku huanza jua likizama, na marehemu bibi yangu aliposema "usiku wa Jumapili" alikuwa na maana ya usiku unaotangulia. Basi leo jua likishazama, Jumapili imeingia.

Ninalotaka tulikumbuke mwaka huu ni kwamba mitume hawakuanzisha sikukuu mpya. Petro, Maria Magdalena, Yakobo, Paulo, wote walikuwa Wayahudi. Matendo ya Mitume inatuambia waamini wa mwanzo walikwenda Hekaluni kila siku. Paulo mwenyewe alisubiri siku za mikate isiyotiwa chachu zipite ndipo akatweka tanga kutoka Filipi. Alipowaandikia Wakorintho kwamba Kristo ndiye Pasaka wetu aliyechinjwa, hakuongeza maelezo, maana alitarajia wamwelewe. Meza ilikuwa ileile, na juu yake pakaongezwa habari ya kaburi tupu.

Ugomvi wa tarehe ulikuja baadaye, na ndio nilioufurahia kuusimulia. Wakristo wa Asia Ndogo, ambayo leo ni Uturuki, waliadhimisha Pasaka tarehe 14 Nisani pamoja na Wayahudi, iwe Jumanne, iwe Ijumaa. Roma walisema lazima iwe Jumapili. Yapata mwaka 155, Polikarpo, askofu wa Smirna, alikwenda Roma akiwa mzee kulizungumza hilo na Papa Anisetus. Hakuna aliyemgeuza mwenzake. Anisetus akamwachia mgeni aongoze Ekaristi, wakaagana kwa amani, kila mmoja na tarehe yake.

Miaka 35 hivi baadaye Papa Viktori akataka kuyatenga makanisa ya Asia. Polikrate wa Efeso akamjibu kwa barua yenye kiburi kitamu: jamaa zake saba walikuwa maaskofu na yeye ni wa nane, ana miaka 65 katika Bwana, na vitisho havimtishi. Ireneo wa Lyon, aliyefuata Jumapili kama Roma, ndiye aliyemsihi Papa apoe. Jina lake kwa Kigiriki lina maana ya amani.

Hapo jirani akafurahi. Akasema nao hubishana kila mwaka nani ameuona mwezi na nani hakuuona.

Lililofuata halichekeshi. Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, uliamua Pasaka iadhimishwe siku moja kila mahali bila kutegemea hesabu ya Wayahudi, na barua ya Kaisari Konstantino kuhusu uamuzi huo iliwataja kwa maneno ya chuki. Tarehe ikaja kuwa Jumapili inayofuata mwezi mpevu baada ya mlingano wa Machi, usiku na mchana vinapolingana. Tuliuacha mwezi wa Wayahudi, tukabaki tunauchungulia kwa dirisha jingine. Watu wa kawaida walichelewa kuachana: huko Antiokia, mwaka 386 na 387, Yohane Krisostomo alihubiri kwa ukali dhidi ya Wakristo waliokuwa wakienda kusherehekea katika masinagogi. Namheshimu kwa mengi, lakini kwa mahubiri yale nasimama na waumini wake waliokwenda.

Katika Ijumaa Kuu za karne nyingi, Wayahudi wa Ulaya walijifungia ndani wakiwaogopa watu waliotoka kanisani. Mwaka 1959 Papa Yohane wa 23 aliliondoa katika sala ya siku hiyo neno lililowaita wasioamini. Mwaka 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukatamka kwamba mateso ya Yesu hayawezi kubebeshwa Wayahudi wote wa wakati ule, wala wa leo. Jana mliisikia sala yenyewe: watu ambao Mungu alisema nao kwanza.

Mwaka huu wao wameanza Pesaki jioni ya Jumatano, tarehe 1 Aprili, kwa mikate isiyochacha na mboga chungu, na mtoto mdogo wa nyumba akiuliza usiku huu una tofauti gani na nyingine. Waorthodoksi, wanaohesabu kwa kalenda ya kale, watatufuata tarehe 12. Usiku huu sisi tutasoma Kutoka sura ya 14, somo ambalo mkesha hauruhusiwi kuliruka hata masomo yakipunguzwa: Bahari ya Shamu inagawanyika na watumwa wanapita pakavu.

Jirani aliuliza kama mwezi utakuwepo. Nikamwambia utachelewa, utachomoza saa mbili na kitu, na kama mawingu ya masika yataturehemu utatukuta nje tukiuwasha moto, au ndani tukiimba Mbiu ya Pasaka. Akaniahidi changu wawili kesho asubuhi, maana bamvua ina mapato yake.

Nyumbani kwangu pilau itakuwa tayari saa saba mchana. Mlio karibu, karibuni. Mlio mbali, mlio zamu hospitalini na barabarani, na mnaoila sikukuu hii ya kwanza bila mliyemzika mwaka jana: Kristo amefufuka. Amefufuka kweli kweli.

Heri ya Pasaka.