Mwanangu, uliniuliza kazi yangu hasa ni ipi

Mwanangu kipenzi,

Voisi yako ya juzi nimeisikiliza mara tatu. Unasema unataka kujaza fomu za Chuo cha Diplomasia pale Kurasini, alafu ukauliza mama kwani hiyo kazi yako hasa ni nini maana mwaka wa tatu huu uko ubalozi wetu wa Muscat, Oman, na mimi sijui hata ukifika ofisini unafanya nini. Nilianza kukujibu kwa voisi nikashindwa, nikaona bora niandike, usome ukiwa umetulia huko kwa mama mdogo.

Nianze na siku ya mahafali yako ya fomu siksi maana najua bado iko moyoni hata kama husemi. Tuliahidiana saa nne nakupigia video nikuone ukiitwa mbele, sikupiga. Jioni nikakwambia kazi ilinibana, ukajibu "sawa mama", na hiyo sawa yako nimekaa nayo mpaka leo.

Ilikuwa Jumamosi. Huku wikiendi ni Ijumaa na Jumamosi, yaani Ijumaa ndio siku wizara yetu Dodoma wanatuma kila kitu cha haraka na sisi tumefunga, na Jumapili sisi tuko mezani Dodoma wamepumzika, kwaiyo mapumziko kamili hayapo. Saa mbili asubuhi mlinzi wa ubalozi akanipigia, mama kuna binti hapa getini. Nikavaa nikaenda. Nikamkuta amejibanza kwenye kakivuli ka ukuta, mguu mmoja ndala ya bluu mguu mwingine kandambili ya kiume, mkononi mfuko wa nailoni. Namba ya ubalozi alikuwa ameiandika kwa kalamu kwenye upindo wa mtandio wake, kwa ndani, ili wasiione. Hakulia. Aliniuliza tu, "Mama, hapa ni Tanzania?"

Nikamwambia ndio, ingia. Kisheria ardhi ile ni ya Oman mwanangu, ila Mkataba wa Vienna wa 1961 wa mahusiano ya kidiplomasia unasema hakuna askari anayeingia ubalozini bila ruhusa ya mkuu wa ubalozi, na kwa yule mtoto asubuhi ile hilo lilimtosha kabisa. Nikamuuliza umri, akanitajia, ni umri wako. Nikampa chai na mkate, akala amesimama, nikamwambia kaa, akauliza "naweza kukaa?"

Wakala aliyempeleka alimwambia anaenda kufanya kazi saluni. Akafikia kwenye nyumba ya ghorofa mbili, anaamka kabla ya alfajiri analala usiku wa manane, mshahara miezi mitano hajauona, simu anapewa Ijumaa kwa nusu saa. Pasipoti anayo mwajiri. Huku kuna utaratibu wa kafala, umeingia nchini kwa jina la mtu, huyo kafili wako, ukiondoka kwake bila ridhaa anaweza kwenda kukuripoti umetoroka na wewe ndio unakuwa mkosaji. Kwaiyo siwezi nikamshika mkono tu nikampeleka eapoti. Lazima nianze na makaratasi.

Na makaratasi yetu yana adabu zake. Tunaandika noti, yaani barua rasmi ya ubalozi, kwenda wizara ya mambo ya nje ya nchi mwenyeji, haiandikwi "mimi", inaandikwa "Ubalozi wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania unatoa salamu zake kwa Wizara na una heshima ya kueleza kwamba", haisainiwi jina la mtu, inagongwa muhuri na kutiwa herufi za kifupi tu. Hata ukiwa na hasira mpaka mikono inatetemeka unaanza na salamu na unamaliza na salamu. Nilipokuwa kijana niliona huo ni unafiki, sasa hivi nauheshimu sana, maana ile salamu ndio inafanya kesho wanipokelee simu. Mkataba huohuo wa Vienna unanipa kinga, yaani nisikamatwe wala kushtakiwa huku, lakini unanitaka niheshimu sheria za nchi iliyonipokea na nisiingilie mambo yake ya ndani, na kinga yenyewe umeandika wazi kwamba haikuwekwa kwa faida ya mtu binafsi, ni ili kazi ya nchi iende. Kaa nalo hilo kabla hujajaza fomu.

Basi mimi naandika noti, huyu mtoto amelala kwenye kochi la mapokezi, na saa nne yako ikapita. Niliiona ikipita mwanangu. Saa ya ukutani ilikuwa mbele yangu.

Noti ikaenda, tukawa tunasubiri. Siku ya nne nikamuuliza yule binti, kule nyumbani kwa bosi hakuna mtu mzima mwenye huruma? Akasema yupo bibi, mama yake bosi, tena bibi anaongea Kiswahili ila kizuri kuliko changu. Nikashtuka. Lakini ndio Oman hii, tangu enzi za Sayyid Said, sultani wa Oman, alipohamishia makao yake Unguja watu wameenda na kurudi, na baada ya Mapinduzi ya 1964 wengi wakaja huku, wazee wao mpaka leo wanaongea Kiunguja kilekile. Kuna siku soko la Mutrah hapa Muscat nilikuwa naongea na simu nanunua ndimu, mzee mmoja mwenye kanzu na kofia akanigusa kwa fimbo akaniuliza "mwanangu, Unguja mvua zishaanza?" kama vile tulikuwa wote jana Darajani.

Basi nikapiga simu nyumbani kwa yule bosi. Akapokea bibi mwenyewe. Nikasema bibi shikamoo. Kimya kidogo. "Marahaba mwanangu, nani wewe?" Nikamweleza pole pole, sikumsema mwanawe vibaya, nikamwambia tu mtoto wa watu yuko kwangu anataka kurudi kwa mamake. Akanambia "mimi sikujua kama halipwi, naapa." Kesho yake asubuhi gari likasimama getini, akashuka mwenyewe na mkongojo, ndani ya mkoba ana pasipoti na bahasha yenye pesa, miezi mitano yote. Akakaa sebuleni kwetu tukanywa kahawa na halua, akamwita yule binti akamshika kichwa akasema "nisamehe mjukuu wangu." Mambo ya viza yakamalizwa wiki ileile.

Sio zote zinaisha hivyo. Zipo ambazo kijana anarudi ndani ya sanduku, na mimi ndio napiga simu kwao, nafuatilia cheti cha kifo, kibali cha polisi, kuweka mwili dawa, nafasi ya mzigo kwenye ndege, na upande wa pili baba mtu ananiuliza mama, mwanangu aliteseka? Hapo hakuna noti. Na bibi yako alipofariki Muheza unakumbuka nilizika kwa video, wewe ndio ulishika simu, mkono wako ulikuwa unatikisika naona udongo tu.

Pati zipo, usije ukasema nakuficha. Unasimama masaa matatu na glasi ya juisi, ila kuna afisa mmoja wa uhamiaji wa hapa nilifahamiana naye hivyohivyo na kashanisaidia watu wengi.

Mzee Salim Ahmed Salim, ambaye hicho chuo kimepewa jina lake, alipelekwa Misri kuwa balozi 1964 akiwa na miaka 22. Kwaiyo umri sio tatizo. Mimi ninachotaka ni ujue siku ile saa nne nilikuwa na nani. Nilimchagua yule binti, na ningekuwa getini tena leo ningemchagua, na bado naumia kwamba sikukuona. Vyote viwili ni kweli na sijui kuvipunguza.

Fomu ukizijaza niambie usaili ni lini. Siku hiyo wewe ndio upige, usisubiri nikupigie, na kama sijapokea piga ya mezani, mlinzi nimeshamwambia anitafute popote nilipo.

Mama yako