Mamangu, kisima hiki hakitekwi maji

Uppsala, Uswidi, Januari

Mamangu mpenzi,

Assalaam aleikum, na shikamoo. Wajukuu wako wanakuamkia, na baba yao pia. Sisi hatujambo, ila baridi imekaza. Leo alfajiri ilikuwa nyuzi 17 chini ya sufuri.

Juzi kwenye simu nilisikia sauti yako ilivyobadilika. Nilipokwambia pesa za kumalizia ghorofa ya juu zimeingia kwenye kisima, ulinyamaza, kisha ukauliza, "Kisima cha nini, kwani huko nako mifereji hukauka?" Laini ikakatika kabla sijajibu. Sitaki ubaki ukidhani pesa zile nimezichezea, ndiyo maana nimeketi kuandika. Kisima hiki ni cha kupasha nyumba joto.

Nyumba hii tulipoinunua ilikuwa na boila ya stima. Boila hupasha maji, maji huzunguka kwenye rejeta za chuma chini ya kila dirisha, na nyumba hupata joto. Huku hilo si anasa, mama. Ukizima katikati ya majira ya baridi, paipu huganda zikapasuka, na watu hawakai ndani. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopamba moto na gesi ya Urusi ikapungua, stima ilipanda bei karibu Ulaya nzima. Bili ya Disemba ilipofika niliisoma mara tatu. Tukafunga vyumba viwili, tukalala sote wanne chumba kimoja. Ndiyo miezi ile niliyokutumia kidogo nikasema zamu za kazi zimepungua. Zamu hazikupungua. Nilikuficha kwa sababu nilijua hutalala. Nisamehe.

Sasa kisima. Ulikuja mtambo mkubwa kama lori, ukatoboa uani tundu lenye upana wa kisahani cha chai, kwenda chini mita 180. Mchanga ulikuwa mita chache tu, baada ya hapo ni mwamba mtupu, mgumu, wa kijivu, si kama matumbawe yetu yanayokatika kwa sururu. Nyundo ya hewa ililia kutwa, vikombe vikatetemeka kabatini, na tope likatoka zito kama saruji iliyokorogwa. Walipomaliza wakateremsha paipu ya plastiki iliyokunjwa huko chini ikarudi juu. Ndani yake mna maji yaliyochanganywa na spiriti ili yasigande. Hatuyateki wala hatuyanywi. Kazi yake ni kushuka na kupanda, usiku na mchana, yakilichota joto la mwamba.

Najua utafikiri ni kama Olkaria kule Naivasha. Sivyo. Olkaria ardhi ina mvuke mkali, nao umekuwa ukizungusha mitambo ya stima tangu 1981. Mwamba wa hapa una nyuzi 7 hivi tu, baridi kuliko maji yoyote uliyowahi kuteka Mombasa. Uzuri wake ni kwamba huko chini haujui msimu. Juu kuwe theluji au jua, wenyewe uko palepale.

Hapo ndipo mimi mwenyewe nilipokwama. Maji ya kisimani huingia kwenye mashine iliyo ndani ya nyumba, iitwayo pampu ya joto. Siku mashine hiyo ilipowashwa, kabla paipu hazijafungwa sponji, nilizigusa. Ile inayotoka kisimani ilikuwa baridi kama chupa ya soda. Ile inayorudi kisimani ilikuwa baridi zaidi, imeota umande. Nikamuuliza fundi, joto ulilonichimbia liko wapi? Akanionyesha paipu ya tatu, iendayo kwenye rejeta. Nikaishika, moto kama kikombe cha chai!

Nilisimama pale nikalikumbuka friji lako. Unajua paka anavyopenda kulala nyuma yake? Friji halitengenezi ubaridi. Hulitoa joto lililomo ndani, kwenye samaki na maziwa, likalitupa nyuma, na paka akalifaidi. Mashine yetu ni friji hilohilo, ila samaki wetu ni mwamba wa mita 180, na paka ni sisi. Ndani yake mna gesi ambayo huchemka hata penye baridi chini ya sufuri. Yale maji ya kisimani, japo baridi, yanatosha kuichemsha. Kompresa inaikamua, nayo ikikamuliwa inapata moto, kama pampu ya baiskeli inavyopata moto ukijaza upepo. Moto huo ndio unaoingia kwenye rejeta.

Tunalipia kuendesha kompresa, joto la mwamba halina bili. Uniti moja ya stima hutupa takriban uniti tatu za joto, ambapo boila ya zamani kwa uniti moja ya stima ilitoa uniti moja tu ya joto. Gharama ya kuchimba na kufunga ilikuwa nzito, kama shilingi milioni 2 za Kenya, ingawa serikali hupunguza sehemu ya ujira wa mafundi kupitia kodi. Wiki ya kwanza mashine ilizimika usiku kwa sababu ya hewa iliyobaki kwenye paipu. Ikatolewa, na tangu hapo haijatusumbua. Vyumba vyote viko wazi. Watoto wanacheza sakafuni bila soksi.

Tafadhali mwite mdogo wangu umsomee hapa. Aliniambia anataka kuacha ufundi wa friji anunue tuktuk. Mwambie dadako anakusihi, usiache. Tangu bei ya mafuta iliporuka mwaka 1973, Waswidi wamekuwa wakihama kwenye boila za mafuta, na leo malaki ya nyumba hapa zinapata joto kwa mashine hizi. Anayezitengeneza anajua gesi, kompresa, kuchomelea paipu za shaba na kutafuta panapovuja, kazi anazozifanya yeye pale Mwembe Tayari kila siku. Kisima kama hiki Mombasa sikioni kazi yake. Hakuna nyumba ya kupasha, na ardhi yenu ina joto karibu sawa na hewa, hivyo mtu akija kuwauzia mkataeni. Lakini mahoteli ya Nyali yanatupa joto la viyoyozi nje, kisha yanalipa tena kupasha maji ya kuogea. Joto hilo linaweza kuelekezwa kwenye tangi la maji. Aanze kuulizia hapo. Vitabu vya masomo nitamnunulia mimi.

Pesa za ghorofa zitaanza tena mwezi wa Machi, kwa kile tunachookoa kwenye stima. Fundi asiondoe mbao, na nondo zifunikwe zisishike kutu.

Kaskazi hii usipike mchana jikoni, pika asubuhi. Nisalimie majirani wote.

Mwanao akupendaye.