Tusiikimbie parabeni, tudai maelezo

Mhariri,

Naandika kuhusu hofu kwamba parabeni, vihifadhi vinavyotiwa kwenye dawa nyingi za maji, huvuruga homoni za mwili. Wapo wazazi hapa Mtwara wanaorudisha chupa wakiliona jina hilo. Lakini bila kihifadhi, chupa ikishafunguliwa, dawa huweza kuota bakteria na ukungu, na joto letu la Pwani (friji wanazo wangapi?) huzidisha hatari. Mwaka 2015 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilisema methilparabeni, aina mojawapo ya parabeni, isiyozidi asilimia 0.2 ya dawa ya kunywa si tatizo, hata kwa watoto.

Wenye mzio, hata hivyo, wanastahili kuonywa. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) iagize lebo zitaje kwa Kiswahili kihifadhi kilichomo, onyo la mzio na siku za kutumia dawa baada ya kufunguliwa.

Msomaji,
Shangani, Mtwara