Barua kwa mjomba wangu seremala

Shikamoo mjomba,

Kwenye simu uliniuliza swali moja tu kuhusu ngome na mahekalu ya Japani: "Hayo majengo ni ya zamani kweli, au wameyajenga upya?" Nikajibu harakaharaka kwamba ni ya zamani. Nilikosea. Nimetembea na swali lako Japani nzima, na jibu naliandika hapa hadharani, maana najua wapo mafundi wengine watakaolipenda.

Nilianzia ngome ya Osaka. Kwa mbali inavutia, ila ndani nikakuta lifti. Jengo la sasa ni la zege, la mwaka 1931. Sikukaa sana.

Ngome ya Himeji ni habari nyingine. Mnara mkuu ulikamilika mwaka 1609, na mabomu yaliyouunguza mji mwaka 1945 yaliuacha umesimama. Mlangoni unavua viatu, unavitia kwenye mfuko wa kubebea, unapanda kwa soksi. Ngazi zina mwinuko mkali kama za kupandia darini, na mbao zimesuguliwa na nyayo za watu hadi zinang'aa.

Ndani ya mnara kuna nguzo mbili kuu, za urefu wa karibu mita 25 kila moja. Ya mashariki ni ileile ya tangu mwanzo. Kwenye ukarabati mkubwa wa mwaka 1956 hadi 1964 walikata sehemu ya chini iliyooza, wakaunga mti mpya. Ya magharibi haikufaa tena. Wakatafuta mti mmoja mrefu wa kuchukua nafasi yake, ukavunjika njiani, ikabidi waunganishe miti miwili. Kiungo kiko ghorofa ya tatu. Watalii walikuwa wakipita kuwahi madirisha ya juu. Mimi nilisogeza uso karibu na mti, nikakumbuka unavyopitisha kidole gumba kwenye kiungo kabla ya kutia gundi, macho umeyafumba. Nieleze, mjomba: mzigo wote ule wa paa, wewe ungekata ulimi wa kiungo wa namna gani?

Halafu nikaenda Ise, kwenye hekalu kuu la Kishinto, dini ya jadi ya Wajapani. Hapo swali lako lilinishinda kabisa. Hekalu hujengwa upya kila baada ya miaka 20, kwenye kiwanja cha pembeni, kwa mbao mpya za mti wao uitwao hinoki. Mila hiyo ilianza mwaka 690. Vita viliikatiza kwa zaidi ya miaka 100, wakairudia. Mara ya mwisho, mwaka 2013, ilikuwa ya 62. Mgeni haruhusiwi kuingia. Unasimama nje ya uzio na kuona paa la nyasi tu, na hilo lilinitosha. Kijana anayeshika randa kwa mara ya kwanza ana miaka 20, zamu inayofuata ana 40 na ndiye anayemwelekeza mwingine. Mbao za zamani nazo hazitupwi. Nguzo kubwa za hekalu lililovunjwa huchongwa tena zikawa malango ya daraja la Uji, pale wageni wanapoingilia. Nilipita chini yake mara mbili, kwenda na kurudi, na mara zote niliinamisha kichwa kama wenyeji wanavyofanya.

Zamu ijayo ni mwaka 2033. Nimeshaanza kuweka akiba ya nauli, ya watu wawili.

Wako mpwa.